Dawa lishe za biashara ya mtandao: Mgonjwa anapogeuzwa mteja, kisha mtaji

Makala yetu ya leo inaanzia uvunguni mwa kitanda cha mama mmoja, mkazi wa Ngamiani jijini Tanga, ambaye kwa ombi lake sitamtaja jina. Uvunguni humo yamepangwa maboksi kumi na moja ya vidonge, poda na majani ya chai, yote yakiwa hayajafunguliwa. Mama huyu hana duka. Ni mjane, fundi cherehani, na kwa miaka tisa amekuwa akiishi na maradhi ya kisukari pamoja na shinikizo la damu.

Kwa mujibu wa maelezo yake, mambo yalianza jioni moja baada ya swala ya Alasiri. Kijana wa mtaani, aliyesoma madrasa moja na mwanawe, alipiga hodi akiwa amevaa tai na kubeba begi jeusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Leo umependeza, unakwenda harusini?"

"Hapana mama. Nimekuja kwako. Wewe umenilea, siwezi kupata jambo la kheri nikakuacha nyuma."

Ndani ya begi mlikuwa na kompyuta ya mkononi, waya na kijiti cha chuma. Mama aliambiwa akishike kijiti hicho kwa dakika moja, mara kompyuta ikaonyesha picha ya mwili wa mtu yenye alama nyekundu na kijani. Akasomewa kwamba ini lake lina mafuta, figo zimechoka, damu imejaa sumu, na kwamba dawa anazochukua hospitali kila mwezi ndizo zinazomchosha. Kipimo kilikuwa shilingi 20,000. Dozi ya kusafisha mwili kwa miezi mitatu ilikuwa shilingi 540,000. Alipoguna, kijana akamwambia maneno ambayo huenda msomaji nawe umeshawahi kuyasikia: "Lakini ukijiunga, mama, unapata punguzo. Na ukileta watu wako wawili tu, dozi yako inajilipa yenyewe."

Alikuwa na vyerehani viwili. Akauza kimoja.

Nilimuuliza kama kijana alimwambia aache dawa za hospitali. Akatikisa kichwa. "Hakuniambia niache. Aliniambia nisichanganye, ili hii ifanye kazi vizuri." Kwa mgonjwa anayeamini, tofauti ya maneno hayo mawili haipo. Akaacha vidonge vya metformini, akaacha na vya presha. Katika wiki ya sita alichomwa na msumari kwenye kidole cha mguu. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kutoa harufu. Alipompigia simu kijana, naye akampigia mkubwa wake wa biashara, jibu lilirudi kwamba hiyo ni dalili njema, sumu zinatoka. Alipofikishwa hospitali sukari yake ilikuwa 27, wakati mtu ambaye hajala tangu usiku hatarajiwi kufika 7. Kidole kilikatwa, na madaktari walisema angechelewa kidogo ungekatwa mguu.

Biashara ya mtandao ni ipi?

Wengi wakisikia neno mtandao hudhani ni intaneti. Mtandao unaokusudiwa hapa ni wa watu. Kampuni haiuzi bidhaa zake dukani, bali kwa wanachama. Mwanachama hulipa ada ya kujiunga au hununua kifurushi cha kuanzia, kisha anatakiwa kuuza bidhaa na pia kuingiza wanachama wengine chini yake. Wakinunua wao, yeye hupata pointi na kamisheni, na walio chini yao wakinunua, yeye hupata tena. Kuna vyeo vya nyota, vya fedha, dhahabu na almasi. Na ili usipoteze cheo chako, katika kampuni nyingi inabidi kila mwezi ununue bidhaa za kiwango fulani, hata kama zile za mwezi uliopita bado unazo ndani. Ndipo maboksi yanapofika uvunguni.

Tuseme kwa uadilifu kwamba biashara ya aina hii si lazima iwe haramu kisheria. Yapo makampuni yanayouza bidhaa halisi na yamesajiliwa. Sheria nyingi duniani hutazama jambo moja: pesa inatoka wapi? Ikiwa inatoka kwa mnunuzi wa nje aliyeitaka bidhaa kwa matumizi yake, hiyo ni biashara. Ikiwa inatoka hasa kwa wanaojiunga, bidhaa ikiwa ni kisingizio tu, huo ni upatu haramu.

Nasema upatu haramu kwa sababu upatu wetu wa kawaida, ule mchezo wa akina mama wa kuchangishana na kupokezana, hauna ubaya huo. Kwenye mchezo mko kumi, kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea zamu yake ikifika, na hakuna anayehitaji mtu wa kumi na moja ili apate haki yake. Kwenye upatu haramu, wa mwisho hana wa kumlipa.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie kila mwanachama anaingiza watu sita tu, kama wanavyochora ubaoni kwenye semina. Wa kwanza ana sita. Hao sita wana 36, kisha 216, kisha 1,296, kisha 7,776. Mpaka hapo mchoro unapendeza na watu wanapiga makofi. Lakini mchoraji huwa hamalizi. Ngazi ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, Bara na Visiwani, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiotoka kitandani. Ukijumlisha ngazi zote kumi, nchi haitoshi. Na popote mtandao utakapokwama, zaidi ya watu wanane katika kila kumi watakuwa kwenye ngazi ya chini kabisa, wasio na mtu hata mmoja chini yao. Hilo halitokani na uvivu wao, kama wanavyoambiwa wakilalamika. Mchoro wenyewe ndivyo ulivyo.

Kwa nini wanauza afya?

Mtu anaweza kuuza sufuria kwa mtindo huu, na wapo wanaouza. Lakini hapa kwetu bidhaa zilizotawala ni dawa lishe, na si kwa bahati. Sufuria kila mtu anaijua bei yake, akiambiwa shilingi 150,000 atacheka. Chupa ya vidonge vya majani kutoka nchi ya mbali hakuna anayejua thamani yake. Pili, sufuria ikinunuliwa leo haitanunuliwa mwezi ujao, wakati maradhi ya kudumu yanahitaji dawa kila mwezi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mgonjwa ana hofu, na mtu mwenye hofu hapigi hesabu.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mfuko tu na kuingia kwenye safu ya afya. Daktari au mfamasia akikosea anaweza kuulizwa na baraza lake. Bibi anayekupa mzizi wa jirani kwa kawaida hapati chochote ukiendelea kuumwa. Lakini mtu anayelipwa kila unaponunua, na analipwa zaidi ukijiunga chini yake, ana sababu ya kukwambia kwamba unaumwa hata kama huumwi, na kwamba unaendelea vizuri hata kama unaoza kidole. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa anayeamini kila analosema, lakini ushauri wake umeshanunuliwa kabla hajafungua mdomo. Hata kikombe cha Loliondo mwaka 2011, pamoja na madhara yake kwa wagonjwa walioacha dawa, kilikuwa shilingi 500 na mnywaji hakutakiwa kuleta sita nyuma yake.

Mashine ya kijiti

Wasomaji wengi wameiona. Huletwa kwenye viwanja vya sabasaba, kwenye vibaraza vya maduka, na siku hizi hata nyumbani. Unashika kijiti au unaweka kiganja, na baada ya dakika moja unapewa kurasa nyingi za majibu kuhusu moyo, ini, mifupa, macho, nguvu za kiume, hata kiwango cha kila vitamini.

Kinachoweza kupimwa kupitia kiganja kwa waya ule ni namna umeme mdogo unavyopita kwenye ngozi, jambo linalobadilika kwa jasho, kwa unyevu na kwa namna ulivyobana mkono. Hakuna njia ya umeme huo kujua kilichomo ndani ya ini lako. Ini hupimwa kwa damu maabara na kwa kipimo cha picha cha mawimbi ya sauti. Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Sukari hupimwa kwa tone la damu, na shinikizo kwa mkanda wa mkononi. Ukitaka kuijaribu mashine, ipime mara mbili kwa nusu saa, huku mara ya pili ukimpa mwendeshaji jina na umri mwingine. Wengi wao watakataa.

Jambo la kutazama ni mwisho wa kipimo. Hospitali unaweza kupimwa ukaambiwa huna kitu, nenda nyumbani. Mashine ya kijiti ina tabia ya kukuta tatizo, na tatizo hilo lina tabia ya kuwa na dawa ndani ya begi lilelile.

"Sumu zinatoka"

Hakuna maneno yanayonitia wasiwasi kama haya. Mgonjwa akianza kuharisha, kuwashwa mwili, kuvimba miguu, macho kuwa ya manjano au kizunguzungu, anaambiwa avumilie kwa kuwa mwili unajisafisha. Kwa lugha hiyo hakuna dalili inayoweza kumwokoa mtu. Akipona, dawa imefanya kazi. Akizidiwa, dawa inafanya kazi.

Mwili wa binadamu alioumba Mwenyezi Mungu unajisafisha wenyewe kwa ini na figo, usiku na mchana. Viungo hivyo vikiwa vizima havihitaji poda. Vikiwa vigonjwa, kuongezewa majani yasiyojulikana ni kumwongezea mzigo punda aliyeanguka. Macho ya manjano ni dalili ya ini au damu kuharibika, na mtu anatakiwa awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Mwaka 2007 madaktari wa Uswisi na Israel, kila kundi kwa upande wake, waliandika katika jarida la wataalamu wa ini kuhusu wagonjwa waliopata madhara ya ini wakati wakitumia bidhaa za Herbalife, moja ya kampuni kubwa za biashara ya mtandao. Kubaini ni kitu gani hasa kilichodhuru ni kazi ngumu, kwa kuwa bidhaa moja huwa na mchanganyiko wa vitu vingi, na mtumiaji hutumia bidhaa kadhaa kwa pamoja. Ugumu huo wenyewe ni hatari.

Kuhusu dawa za kupunguza unene, wakaguzi wa dawa Marekani wamekuta mara nyingi vidonge vinavyoitwa vya asili vikiwa vimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni huko na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na kiharusi. Mwenye presha akimeza hiyo bila kujua, hana wa kumlaumu isipokuwa boksi.

Hata virutubisho halali, vilivyo salama kwa mtu mzima wa afya, vinaweza kugongana na dawa za hospitali. Nitatoa mfano mmoja kwa sababu unawagusa watu wengi wasioweza kuuliza hadharani. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, wengi wao sasa wanatumia kidonge kiitwacho TLD, chenye dawa ya dolutegraviri ndani yake. Madini ya kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki, ambayo yamejaa kwenye vidonge vya "kuongeza kinga", yanaweza kuikamata dawa hiyo tumboni na kuizuia isiingie vizuri kwenye damu. Ndiyo maana wataalamu huelekeza kwamba kwa kawaida dawa imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Je, muuzaji aliyefundishwa kwa siku mbili ukumbini anayajua haya? Na mgonjwa anayeficha hali yake atamwambia? Matokeo ni mtu anayemeza dawa zake kila siku bila kukosa, kisha anashangaa virusi vinaongezeka. Ukiwa katika hali hiyo, beba chupa ya virutubisho uende nayo kliniki na umwonyeshe mhudumu wako. Hatakugombeza.

Na kwa mwenye kisukari anayechoma insulini, kuiacha hata kwa siku chache kunaweza kuua. Hilo halina mjadala wala mbadala wa majani.

Kwa dada na mama zetu

Zipo pia pedi zinazouzwa kwa mtindo huu kwa bei ya juu, zenye mstari wa rangi katikati, ambazo wauzaji wake husema zinatibu fangasi, uchafu ukeni, uvimbe wa kizazi na hata saratani. Kazi ya pedi ni kunyonya damu ya hedhi. Usafi unaohitajika ni kuibadilisha kila baada ya saa chache, kunawa kwa maji safi, na kunawa mikono kabla na baada. Pedi ya bei nafuu iliyobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko ya gharama iliyokaa kutwa nzima kwa kuwa mwenyewe anaona uchungu kuitupa.

Mwanamke anayetokwa na uchafu wenye harufu, anayeumwa tumbo la chini, au anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, anahitaji kupimwa. Maambukizi yasipotibiwa yanaweza kuziba mirija na kuleta utasa. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema hutibika, na miezi sita ya kubadilisha pedi ni miezi sita iliyopotea.

"Lakini imesajiliwa!"

Hili ndilo jibu utakalopewa ukiuliza maswali. Utaonyeshwa cheti. Ni vyema ikaeleweka kwamba usajili una aina zake. Kampuni kusajiliwa kulipa kodi si uthibitisho kwamba chai yake inatibu. Zamani chakula na dawa vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na chakula kimehamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula maana yake inaruhusiwa kuliwa. Ugali nao unaruhusiwa kuliwa. Tiba asili nazo zina baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Basi usiulize tu "imesajiliwa?" Uliza "imesajiliwa na nani, kama nini?" Kisha soma boksi lenyewe. Mara nyingi mdomo wa muuzaji unataja magonjwa kumi, na boksi halitaji hata moja, kwa kuwa kampuni inaogopa sheria na imemwachia mwanachama aseme yeye.

Mchezo huu wa kampuni kukaa kimya na wanachama kusema umeonekana kwingineko. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua maelfu Guinea, Liberia na Sierra Leone, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni za Young Living na doTERRA, zinazouza mafuta ya mimea kwa mtandao wa watu, kwa sababu wanachama wake walikuwa wakiyatangaza kuwa yanapambana na ugonjwa huo. Mwezi Aprili 2020, korona ilipopamba moto, Tume ya Biashara ya Marekani iliandikia kampuni kumi za biashara ya mtandao kuhusu madai ya tiba na madai ya mapato.

Tume hiyohiyo ndiyo imetupa picha ya mapato. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo baada ya kushitakiwa kwamba iliwadanganya watu kuhusu kipato, na mwaka uliofuata karibu watu 350,000 walitumiwa hundi za fidia. Mwaka 2019 AdvoCare, kampuni nyingine ya bidhaa za afya, ilikubali kulipa dola milioni 150 na kuachana kabisa na biashara ya mtandao. Na mwaka 2024 wataalamu wa tume walichambua taarifa za mapato 70 zilizotolewa na kampuni zenyewe: katika nyingi kati ya hizo, wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na kwa kawaida hapo hazijatolewa gharama za nauli, semina na bidhaa walizonunua wenyewe. Hiyo ni Marekani, kwenye watu wenye pesa za kununua.

Sisi hatujasahau DECI. Watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa "kuvuna" mara dufu, na wa mwanzo kweli walivuna, ndiyo maana majirani walikimbilia. Mwaka 2009 serikali iliingilia kati, viongozi wake wakafikishwa mahakamani Kisutu, na mwaka 2013 kadhaa kati yao wakatiwa hatiani kwa kuendesha upatu haramu. Waliouza mashamba yao kupanda mbegu ile walikuwa wa dini zote.

Wanazuoni wanasemaje?

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa na Waislamu, nitagusia kwa ufupi na kuwaachia wenye elimu. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia mwaka 2004 ilizuia biashara ya ngazi ambayo lengo la anayejiunga ni kamisheni na si bidhaa, ikitaja riba, udanganyifu na kutojulikana mwisho wa muamala. Baraza la wanazuoni wa Indonesia mwaka 2009 liliruhusu aina fulani kwa masharti magumu, miongoni mwake kwamba bidhaa iwe ya kweli, bei isipandishwe kupita kiasi, kamisheni itokane na mauzo halisi na watu wasirubuniwe kwa ahadi za utajiri. Wanaotangaza kwamba biashara yao "imehalalishwa" husahau kuyasoma masharti hayo. Na sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, na alivyomkemea mwenye mali kwa kutoweka kasoro juu watu wakaiona. Anayeuza dawa lishe akieleza kwa mteja wake, kabla ya pesa, kwamba yeye anapata kiasi gani kwenye boksi hilo, atakuwa ameweka kilicholowa juu.

Kijana naye

Nilimtafuta yule kijana, nikidhani nitakutana na tapeli. Nilimkuta kijiweni, hana tai wala begi. Alikuwa dereva wa bodaboda. Aliuza pikipiki yake na kukopa shilingi 1,200,000 kwenye VICOBA ya mama yake ili anunue kifurushi kikubwa, kwa kuwa aliambiwa anayeingia na kifurushi kidogo anaonekana hana nia. Semina zilikuwa Dar es Salaam, nauli juu yake. Aliingiza watu wanne: mama yake mzazi, dada yake, rafiki yake na huyu mama. Wote wanne waliacha. Kwa miezi minne mfululizo alinunua bidhaa mwenyewe ili asishuke cheo, akiandika majina ya watu kana kwamba ndio wanunuzi. Yeye mwenyewe alikuwa akizinywa kila asubuhi. "Niliziamini, kaka," aliniambia. "Ningekuwa siziamini ningempelekea mama yangu?"

Aliyemuingiza ameshahamia kampuni nyingine, na juzi alimtumia ujumbe wa kumwalika. Deni la VICOBA bado linalipwa, shilingi 15,000 kwa wiki, na sehemu yake analipa mama yake kwa kuuza maandazi.

Hospitalini alikwenda siku ya tatu baada ya kidole kukatwa. Alipeleka uji, akakaa kwenye benchi nje kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Mama anasema hawakuzungumza habari za biashara hata kidogo, na kwamba mpaka leo akipita mlangoni anamwamkia kama zamani.

Sukari ya mama sasa inacheza kati ya 7 na 9. Amerudi kwenye vidonge vyake, anaosha miguu kila jioni na kuikausha katikati ya vidole, na havai tena ndala zilizokatika. Nilipokuwa naaga aliyavuta maboksi yale kutoka uvunguni na kuniuliza kama anaweza kuyatoa sadaka, maana kuyatupa anaona ni israfu, na mtaani wapo wagonjwa wasio na uwezo. Nikamwambia hapana. Tukasoma tarehe pamoja, ilikuwa imebaki miezi miwili. Mfamasia wa hospitali alikubali kuyapokea yakateketezwe, na wiki iliyofuata mwanawe aliyabeba kwenye kiroba.